KISU CHA FYEKEO LA TREKTA KINAPOTELEZA
Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa kamati, madereva na mafundi wa vyama vya msingi, Karatu



Mvua za masika zinapokwisha katika nyanda za Karatu, majani huwa yamefika magotini, na penye rutuba hufika kiunoni. Kuanzia Rhotia na Mbulumbulu hadi Oldeani, kila mwenye shamba la kahawa anafahamu kwamba Juni na Julai ni miezi ya kufyeka. Mbuni haufai kupitishiwa jembe la trekta kati ya mistari yake, kwa sababu mizizi yake midogo inayokusanya chakula imetanda karibu na uso wa ardhi, na jembe likipita huikata. Fyekeo hukata majani peke yake; majani hayo hulala chini yakawa matandazo, na udongo ukatunza unyevu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nao hufyeka malisho yaliyokomaa kupita kiasi ili yachipue upya. Na wale ambao mashamba yao yanapakana na msitu wa Ngorongoro, msitu ambao chemchemi zake huyanywesha mashamba na vijiji vya chini, hufyeka vizuizi vya moto kabla ukame wa Agosti na Septemba haujakaza.

Kazi hizo zote zaweza kufanywa na chombo kimoja, nacho ni fyekeo la trekta. Ni nadra mwanachama mmoja kuwa nalo. Hununuliwa na chama, au na wanachama kadhaa kwa pamoja, kisha likazungushwa kwa zamu. Kwa hiyo fyekeo likilala siku kumi, anayeumia zaidi si yule ambaye lilimharibikia shambani, bali ni yule wa mwisho katika orodha ya zamu, ambaye majani yake yatatoa mbegu na kukauka yakisubiri kiberiti.

Lipo lalamiko ambalo kila katibu mwenye fyekeo katika chama chake amewahi kulisikia: "Kisu kinateleza." Dereva hueleza kwamba injini inanguruma vizuri na shafti inazunguka, lakini fyekeo likiingia kwenye majani mazito kisu husita, majani hulala badala ya kukatika, na harufu ya kuungua hutoka. Lalamiko ni moja, lakini sababu zake ni kadhaa, na dawa ya sababu moja ni sumu kwa nyingine. Ndiyo maana yafaa jambo hili lielezwe hatua kwa hatua.

Njia ya nguvu

Kwanza ifahamike nguvu inapita wapi. Injini ya trekta huizungusha shafti fupi ya nyuma, ambayo madereva huiita PTO, na ambayo kwa matrekta mengi huzunguka mara 540 kwa dakika injini ikiwa katika mwendo uliotajwa na kiwanda. Hapo hufungwa shafti ndefu yenye viungo viwili na kifuniko chake cha plastiki. Shafti hiyo huingia katika giaboksi iliyo juu ya bati la fyekeo. Giaboksi huugeuza mzunguko uelekee chini, na pia huuongeza kasi. Chini ya giaboksi hutokea shafti nene, na mwisho wake hufungwa sahani au mkono wa chuma unaobeba visu viwili au zaidi. Mahali fulani katika njia hiyo kiwanda kimeweka kiungo dhaifu kwa makusudi: ama bolti iliyokusudiwa ikatike, ama klachi iliyokusudiwa iteleze.

Sababu ya kiungo hicho huonekana kwa hesabu ndogo. Kisu cha fyekeo lenye upana wa mita moja na nusu kikizunguka mara 900 kwa dakika, ncha yake husafiri kiasi cha mita 70 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Hakuna basi wala gari la watalii linalopanda kwenda lango la Ngorongoro kwa mwendo huo, na heri iwe hivyo. Chuma kizito kinachokwenda kasi namna hiyo kikigonga jiwe, kichuguu kigumu au kisiki kilichofichwa na majani, lazima kitu fulani kiachie. Kama kiungo dhaifu kipo, kitaachia hicho, na hasara itakuwa bolti moja au joto kidogo katika klachi. Kama hakipo, kitakachoachia ni jino la giaboksi, au kiungo cha shafti, au kisu chenyewe kitakachochomoka na kuruka. Kwa hiyo fundi anayeitwa kuondoa mtelezo hana budi kuuliza kwanza kama mashine inajiokoa na kitu, ama kweli imeharibika. Fyekeo linaloteleza mara moja lilipogonga kisiki na kisha likaendelea na kazi, ni fyekeo zima. Linaloteleza katika majani mepesi, au kila mara, ndilo lenye ugonjwa.

Kabla ya kuingia chini

Hakuna ukaguzi wowote wa kisu unaofanywa injini ikiwa inaunguruma. PTO iondolewe kazini, injini izimwe, ufunguo utolewe na ukae mfukoni mwa yule anayeingia chini, si mfukoni mwa mwenzake. Kisha isubiriwe. Visu vya fyekeo ni vizito na huendelea kuzunguka kwa muda baada ya nguvu kukatwa, tena bila kelele nyingi, na huo ndio wakati ambao watu hupoteza vidole. Fyekeo likishainuliwa lilazwe juu ya magogo imara au vigingi vya chuma. Mikono ya haidroliki ya trekta haiaminiki hata kidogo kwa kazi hii. Mafuta yakivuja ndani, au mtoto akiugusa mkono wa kuendeshea, fyekeo lote hushuka. Na jeki ya gari peke yake haitoshi.

Bolti inayokatika

Katika mafyekeo mengi ya bei nafuu, kiungo dhaifu ni bolti moja inayopita katika kichwa cha shafti pale inapofungwa kwenye giaboksi. Bolti hiyo ikikatika, shafti huzunguka bure na kisu husimama. Dereva mgeni husema kisu kimeteleza. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: shafti ishikwe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, na izungushwe, kama inazunguka na giaboksi haisogei, bolti imekatika.

Chukueni mfano wa chama chenye fyekeo moja na wanachama arobaini. Dereva yuko shambani, saa nne asubuhi, na bolti imekatika kwa mara ya tatu. Mwenye shamba amesimama pembeni.

"Kijana wangu, zamu yangu ni ya leo tu. Kesho trekta linakwenda kwa jirani."

"Ni kweli, mzee, lakini bolti za akiba zimekwisha."

Mzee anaingia ghalani na kurudi na bolti aliyoifungua kutoka jembe la zamani, yenye namba 10.9 kichwani. Inaingia tunduni sawasawa. Fyekeo linafanya kazi mpaka jioni bila kusimama hata mara moja, na wote wawili wanaridhika. Siku ya tatu, katika shamba lingine, kisu kinagonga kisiki cha mkaratusi. Bolti haikatiki. Giaboksi inapasuka, mafuta yanamwagika katika majani, na shughuli ya mwaka ule imekwisha. Mzee alipata zamu yake. Waliokuwa nyuma yake katika orodha hawakupata kitu, na gharama ya giaboksi inagawanywa kwa wote arobaini, yeye akiwamo.

Dereva yule hakuwa mzembe, wala mzee hakuwa na nia mbaya. Walichokosa ni bolti tatu za bei ndogo katika sanduku la vifaa, na maana ya namba iliyo kichwani mwa bolti. Bolti za vipimo vya milimita huandikwa ugumu wake kichwani: 4.6 ni laini, 8.8 ni ngumu, 10.9 ni ngumu zaidi. Kitabu cha mashine hutaja namba inayotakiwa pamoja na unene na urefu. Kitabu kikipotea, namba ya mashine iliyogongwa katika kibati chake ipelekwe kwa muuzaji wa vipuri, aulizwe. Kukisia si kazi ya fundi. Upande wa pili, wapo wanaotia msumari au kipande cha fimbo ya kuchomelea. Hivyo navyo ni vibaya, maana huchezacheza, hupanua tundu likawa na umbo la yai, na baada ya hapo hata bolti halali itakatika kila saa kwa sababu inagongwa badala ya kusukumwa.

Bolti halali ikikatika mara kwa mara pasipo kugonga kitu, sababu ni mojawapo ya hizi: tundu limepanuka, nati imelegea, kisu kinagusa udongo kwa sababu fyekeo limeshushwa mno, au dereva anaiingiza PTO kazini injini ikiwa katika mwendo mkubwa. Hili la mwisho ndilo la kawaida zaidi. PTO huingizwa injini ikiwa katika mwendo mdogo, kisu kikaanza taratibu, kisha mafuta yakaongezwa. Na majani yaliyofika kiunoni hayafyekwi mara moja. Hupitiwa kwanza fyekeo likiwa limeinuliwa, kisha hupitiwa tena chini. Dizeli itakayotumika zaidi ni ndogo ukilinganisha na siku zitakazopotea.

Klachi iliyochoka na klachi iliyoganda

Mafyekeo makubwa zaidi huwa na klachi mahali pa bolti. Ndani yake mna mabamba ya msuguano, ambayo mafundi huyaita pleti, yaliyobanwa baina ya mabamba ya chuma kwa springi kadhaa zilizofungwa kwa bolti na nati. Mzigo ukizidi, mabamba huteleza. Mzigo ukipungua, hushikana tena. Hapa ndipo neno "kuteleza" lina maana yake halisi, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Kosa la kwanza ni kukaza. Klachi ikianza kuteleza katika majani ya kawaida, mkono wa dereva huenda kwenye spana, naye hukaza nati zote mpaka springi zinagusana pete kwa pete. Mtelezo unakoma, hakika. Lakini sasa klachi hiyo haiwezi kuteleza kamwe, na fyekeo limekuwa sawa na lile lenye bolti ya 10.9. Springi hukazwa mpaka urefu uliotajwa katika kitabu, zikapimwa kwa rula moja baada ya nyingine, na zote zikawa na urefu mmoja. Springi moja ikiwa fupi kuliko wenzake, mabamba hubanwa upande mmoja na kuungua upande huo.

Kama urefu wa springi ni sahihi na klachi bado inateleza, basi kasoro iko ndani, na hapana budi klachi ifunguliwe. Mafuta au grisi yakiingia kwenye mabamba ya msuguano, mabamba hayo hayafai tena. Kuyaosha kwa petroli huyarudisha kazini kwa siku mbili tu, kwa kuwa mafuta yamekwisha kunywewa. Kabla ya kufunga mapya itafutwe njia ambayo mafuta yaliingilia. Mara nyingi ni sili ya mbele ya giaboksi iliyochakaa, au ni bidii ya mtu aliyepaka grisi mahali pasipohitaji grisi. Mabamba yaliyong'aa kama kioo na kubadilika rangi yameungua. Bamba jipya la msuguano huwa na unene wa milimita 3 hivi. Kitabu hutaja unene wa mwisho, na likifika hapo libadilishwe hata kama linaonekana zima. Mabamba ya chuma yawekwe juu ya kioo cha dirisha au meza iliyonyooka. Lililopinda halitashika hata likikutanishwa na bamba jipya.

Kosa la pili ni kinyume cha lile la kwanza, nalo halilalamikiwi na mtu kwa sababu halionekani. Fyekeo lililolala nje tangu Agosti, likanyeshewa vuli na masika, mabamba yake hushikana kwa kutu. Dereva akilitoa mwezi Juni hufurahi kwamba halitelezi kabisa. Ukweli ni kwamba klachi imeganda, na jiwe la kwanza litapasua giaboksi. Kwa hiyo kila mwanzo wa msimu, na kila baada ya kulala mwezi mmoja au zaidi, klachi hulegezwa na kuamshwa. Utaratibu wake ni huu. Chora mstari mmoja wa chaki ukikata kingo za mabamba yote. Legeza kila nati mizunguko miwili, ukihesabu. Shusha fyekeo, washa trekta, ingiza PTO katika mwendo mdogo kwa sekunde mbili au tatu tu, kisha toa na zima. Mistari ya chaki ikiwa imeachana, mabamba yameteleza na klachi ni hai. Ikiwa bado imenyooka, klachi imeganda, na ifunguliwe ikasafishwe. Mwishoni rudisha kila nati mizunguko ileile miwili na pima springi upya. Kazi nzima haizidi nusu saa.

Moto

Klachi inayoteleza kwa muda mrefu hupata joto kali sana. Joto hilo liko sentimita chache tu juu ya majani makavu na vumbi la majani linalorundikana juu ya bati la fyekeo. Mwezi wa Juni, umande ukiwapo, hatari ni ndogo. Mwezi wa Septemba, upepo ukivuma na majani yakiwa kama karatasi, dereva anayeendelea kufyeka kizuizi cha moto huku klachi inatoa moshi aweza kuwa ndiye anayeuwasha ule moto alioajiriwa kuuzuia. Mashamba ya Oldeani na vijiji vilivyo chini ya mpaka wa msitu havitenganishwi na miti kwa umbali mkubwa. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, na likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Lakini kwa mkulima wa Karatu msitu wake una maana iliyo karibu zaidi, nayo ni maji ya bombani na ya mfereji.

Kwa hiyo harufu ya kuungua ikisikika, kazi isimame palepale. Fyekeo lisogezwe mahali palipokwisha kufyekwa au penye udongo mtupu, na ukaguzi usianze mpaka klachi imepoa. Vumbi la majani lifagiliwe juu ya bati kila mara trekta linapotiwa mafuta. Wakati wa kiangazi dereva achukue debe la maji na koleo juu ya trekta. Na watu wote, hasa watoto wanaopenda kufuata trekta, wakae mbali, mita 100 au zaidi, kwa kuwa kinachorushwa na kisu hakichagui wa kumpata.

Kisu kinapozunguka juu ya shafti yake

Upo mtelezo mwingine ulio wa hatari kuliko yote, na kwa bahati mbaya hufanana na wa klachi. Sahani inayobeba visu hukaa kwenye meno ya shafti ya giaboksi, ikabanwa na nati kubwa yenye spliti pini. Nati ikilegea, sahani huanza kucheza, meno husagika, na siku moja shafti huzunguka ndani ya sahani huku visu vimesimama. Dereva anaona klachi haina moshi, bolti haijakatika, giaboksi inazunguka, ila majani hayakatiki. Dalili ya mapema ni mlio wa kugonga kila anapoingiza au kutoa PTO, na unga mwekundu wa chuma kuzunguka nati.

Hapa hapatengenezwi shambani. Wapo mafundi hodari wa kuchomelea ambao huunganisha sahani na shafti kwa umeme, na fyekeo likafanya kazi kwa wiki kadhaa. Lakini joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma na sili ya giaboksi kwa pamoja, na mshono ukiachia, sahani nzima pamoja na visu huanguka ikiwa inazunguka. Meno yakiwa yameliwa, hununuliwa sahani mpya, na kama shafti nayo imeliwa hubadilishwa. Yakiwa bado mazima, nati hukazwa kwa kipimo cha kitabu kwa spana ndefu, na spliti pini hutiwa mpya. Pini ya zamani iliyonyooshwa ikarudishwa ni akiba ya shilingi chache inayoweza kugharimu mguu wa mtu.

Mikanda

Mashine ndogo za kukatia majani, zile za kukalia ambazo hutumika katika viwanja vya shule, misheni na nyumba za wageni, hazina giaboksi ya namna hiyo. Visu vyake huzungushwa kwa mkanda, kama vile pawa tila nyingi zilivyo na mikanda kati ya injini na klachi, na kama mashine ya kusaga mahindi. Yanayosemwa hapa yafaa kwa zote.

Mkanda wenye umbo la V hushika kwa mbavu zake, wala haushiki kwa tumbo. Ukichakaa hushuka ndani ya puli mpaka tumbo likagusa sakafu ya mfereji, na tangu hapo hauwezi kushika hata ukivutwa namna gani. Ukaguzi ni rahisi: mfereji wa puli ukiwa unang'aa chini, mkanda umekwisha, au puli imeliwa, au vyote viwili. Mkanda mzima huwa na uso wa mbavu usiong'aa. Uking'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, umekwisha kuteleza mno na umeungua. Kupaka lami, sabuni au utomvu ili ushike ni kuudanganya kwa siku moja; uchafu hunaswa humo na mkanda huliwa upesi zaidi.

Mvuto hupimwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kanuni ya jumla ni milimita 16 za kubonyea kwa kila mita moja ya umbali baina ya puli, kwa kusukuma kwa nguvu ya kadiri. Ukikazwa kupita hapo, beringi ndizo zitakazolia. Mashine za kukalia huwa na puli ndogo ya kuvutia yenye springi. Springi iliyonyooka au mkono ulioganda kwa kutu huufanya mkanda mpya kuteleza tangu siku ya kwanza, na mwenye mashine akalaumu duka. Puli nazo zinyooshwe kwa uzi, uzi ukigusa kingo zote nne. Penye mikanda miwili au mitatu sambamba, yote hubadilishwa pamoja, maana mpya mmoja kati ya wazee wawili hubeba mzigo wote peke yake.

Kisu butu

Baada ya yote hayo, hutokea kwamba hakuna kinachoteleza. Kisu ni butu. Majani hulazwa, mzigo huzidi, klachi ikateleza kwa haki yake, na lawama zikaangukia klachi. Ncha ya kila jani baada ya kufyeka hueleza habari yote: iliyokatwa vizuri imenyooka, iliyochanwa ina nyuzi na hugeuka rangi ya kahawia baada ya siku mbili. Visu hunolewa upande ule ule kiwanda kilikonoa, bila kuvifanya vyembamba kama wembe, kwa kuwa makali membamba hupinda kwenye jiwe la kwanza. Visu hupimwa kwa mizani ya duka vikiwa viwili viwili, kimoja kisizidi kingine, na huchukuliwa vipya kwa jozi. Mizani kubwa ya kupokelea kahawa haifai kwa kazi hii, haitambui gramu. Kisu kilichopasuka hakichomelewi. Na yaangaliwe pia mambo mawili madogo: kama kisu kimefungwa kichwa chini miguu juu, jambo linalotokea kuliko inavyodhaniwa, na kama kinaweza kuyumba kwenye bolti yake kama kilivyokusudiwa.

Kuhusu trekta lenyewe, itoshe kusema hivi: mafyekeo mawili tofauti yakiteleza nyuma ya trekta moja, kasoro imo katika klachi ya trekta, na fyekeo liachwe lilivyo.

Vitu vya kuwekwa ghalani

Kamati zinapopanga bajeti ya msimu, fyekeo lenye bolti litengewe bolti halali kumi na nati zake. Lenye klachi litengewe seti moja ya mabamba ya msuguano na sili ya mbele ya giaboksi. Yote mawili yatengewe jozi moja ya visu, bolti zake, na spliti pini kadhaa. Vitu hivyo vikae katika sanduku lenye kufuli linalosafiri na trekta, na vingine kwa katibu. Bolti za namna nyingine zisitiwe katika sanduku hilo, hata kama ni nzuri kiasi gani, ili dereva asijaribiwe saa nne asubuhi na mzee mwenye haraka.

Pawepo pia daftari moja. Dereva aandike tarehe, shamba, saa za kazi, na kila bolti iliyokatika au klachi iliyoteleza, pamoja na kilichogongwa. Bolti tano zikikatika katika shamba lile lile, mwenye shamba aombwe ang'oe visiki kabla ya zamu yake ijayo, au aelekezwe atumie fyekeo la mkono kwenye kona ile. Zikikatika katika kila shamba, chombo kirudishwe kwa fundi kabla mwanachama anayefuata hajakipokea. Chama kinachopenda fundi wa muungano alikague fyekeo lake kabla ya Juni kipeleke ombi kwa maandishi, kikitaja namba ya mashine na mwaka iliponunuliwa, na kiambatanishe daftari hilo.